Achia Kitufe, Faustin

Katika misheni ile juu ya Chimala, hapakuwa na seremala wa kumshinda Faustin kwa milango, wala mtu wa kumshinda kwa maneno. Akipiga randa, anasimulia. Akipigilia msumari, anasimulia. Mkewe, Leokadia, aliwaambia majirani, "Mume wangu akinyamaza, mpimeni homa."

Faustin alipenda mambo mawili: kusema na kucheza drafti. Ubao wa drafti aliuchonga mwenyewe. Kete zake zilikuwa vizibo vya soda. Taabu ni kwamba pale misheni alikuwa amewafunga wote, na mtu aliyefungwa mara kumi hapendi kuitwa mara ya kumi na moja. Mpinzani wake wa kweli alikuwa Marcelino, kaka wa Leokadia. Marcelino alifanya kazi katika misheni nyingine, karibu na Iringa. Kufika huko kwa basi ni siku nzima.

Mwaka 1976 misheni ikaletewa redio koli.

Redio koli si redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Hii unasema nayo, na mtu wa mbali anakujibu. Ilikaa ofisini, juu ya meza ya Tekla, binti wa Iringa aliyefundishwa kazi hiyo. Ilitumia betri kubwa kama ya gari. Ilikuwa na kipaza sauti chenye kitufe ubavuni. Ukibonyeza kitufe, taa nyekundu inawaka nawe unasema. Ukiachia, unasikia. Vituo sita vilitumia njia hiyo hiyo moja. Kimoja kilikuwa zahanati ndogo kule chini, kwenye mbuga za Usangu, iliyoleta wagonjwa wake wazito katika hospitali ya misheni.

Karibu na zahanati hiyo aliishi Roza, binti wa Faustin. Aliolewa na mtoto wa Budeba, mfugaji Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Roza alikuwa na mimba yake ya kwanza, na miezi ilikuwa imetimia.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, kazi za ofisi zikiisha, Tekla aliwaruhusu mashemeji wale wawili wacheze. Kila mmoja alikuwa na ubao wake, na vyumba vya ubao waliviandika namba.

"Marcelino, hapa Faustin. Kumi na moja kwenda kumi na tano. Ova."

"Ova" maana yake nimemaliza, sasa zamu yako.

"Kamwene, shemeji!" Marcelino alisalimia kwa Kihehe chao. "Ishirini na mbili kwenda kumi na nane. Na leo utalia. Ova."

Watu walicheka ofisini, na katika vituo vingine walicheka vilevile. Hakuna aliyeona ubaya.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Tekla aliitwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Akamwambia Faustin, "Baba, nakuachia redio. Sema kwa kifupi, kisha achia kitufe. Usisahau."

"Mwanangu, mimi ni fundi. Kitufe kitanishinda?"

Fundi akili zake haziishi. Baada ya muda Faustin aliona kidole kinamchosha. Tena, mkono mmoja ukishika kipaza sauti, unabaki mmoja tu wa kupanga kete. Akatoa mfukoni kipande cha mpira wa baiskeli. Akakifunga kuzunguka kitufe, kikakaza vizuri. Taa nyekundu ikawaka, ikabaki inawaka. Mikono yake yote miwili ikawa huru. Akajisifu moyoni.

"Shemeji, kumi kwenda kumi na nne. Haya, sema!"

Kimya.

"Umekwama, eh? Fikiri, fikiri. Sina haraka."

Kimya. Faustin akaona ameshinda. Alisahau kwamba kitufe kikiwa kimebonyezwa, hawezi kusikia neno la mtu yeyote. Aliona Marcelino ameogopa, na mwenzake akiogopa, Faustin hunoga.

"Nyie Wahehe mnasema mlipigana na Wajerumani, leo kizibo cha soda kinawatisha! Unacheza kama mzazi mwenzangu Budeba. Yule mzee anajua kuhesabu mikia ya ng'ombe tu. Ukimwonyesha namba, anafikiri ni nyayo za kuku!"

Akacheka peke yake. Akasimulia hili na lile. Robo saa ikapita, ikawa nusu saa.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Tekla aliingia ameloa. Aliona taa nyekundu, akaona na ule mpira.

"Baba! Umefunga kitufe?"

Hakungoja jibu. Akauvuta mpira, ukakatika. Taa ikazimika. Papo hapo sauti ikatoka redioni, sauti ya mtu aliyechoka kuita.

"... misheni, misheni, hapa zahanati ya bondeni. Mnanisikia? Nusu saa nawaita. Misheni, jibuni."

Alikuwa Jailos, mganga wa zahanati. Tekla akabonyeza kitufe. "Jailos, hapa misheni. Nakusikia. Sema. Ova."

"Nina mzazi. Uchungu tangu jana usiku. Mtoto amekingama tumboni, mimi siwezi. Nahitaji gari sasa hivi, mto unajaa. Mzazi ni Roza, binti wa Faustin ..."

Faustin aliruka. Akanyakua kipaza sauti, akabonyeza. "Roza! Mwanangu! Roza, unanisikia?"

Tekla akamkamata kifundo cha mkono. Kwa umri alikuwa sawa na binti yake, lakini alimkamata kwa nguvu. "Achia, Baba. Ukishika hapo, Jailos anasema na hatumsikii. Achia."

Faustin akaachia. Redio ilikoroma, na sauti ya Jailos ilikuwa imefifia. Nusu saa ya taa nyekundu ilikuwa imekula betri.

"Jailos, rudia pa kukutana. Ova," Tekla alisema.

"... upande ... upande wa kwenu wa kivuko. Tunambeba kwa machela. Ova."

Tekla aliandika, akamrudishia Jailos maneno yake, kisha akakimbia kumwita dereva. Landrova iliondoka na Leokadia akiwa ndani. Faustin aliachwa, maana nafasi ilitakiwa kwa machela. Alikaa sakafuni ofisini, kipande cha mpira mkononi. Aliona aibu, aliogopa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno.

Gari lilirudi saa moja usiku. Roza alipelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Saa mbili na nusu Leokadia alitoka, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Wako wazima," alisema. "Wote wawili. Ni msichana."

Faustin akalia waziwazi. Dereva, buti zake zimejaa tope, alisimama pembeni. Alisema polepole, "Mzee, wale watu walimvusha maji yakiwa kifuani. Walipomaliza tu, gogo kubwa likapita na maji. Dakika kumi zaidi, asingevuka mtu."

Asubuhi Faustin alimfuata Tekla ofisini.

"Mwanangu, nifundishe. Usinionee haya."

Tekla hakumgombeza. Alimwekea kiti. "Baba, kule Usangu umeona ng'ombe wakivuka mto penye njia nyembamba?"

"Nimeona. Hupita mmoja mmoja."

"Ng'ombe mmoja akilala katikati ya njia?"

"Wote wanakwama."

"Jana ulilala njiani, Baba. Vituo sita, njia moja. Ukibonyeza wewe, wengine watano hawawezi kusema. Kwa hiyo kabla hujabonyeza, sikiliza kwanza kama kuna mtu anasema. Mtaje unayemwita, jitaje na wewe. Sema kwa kifupi, sema ova, achia. Kisha, kabla ya zamu nyingine, hesabu moja mpaka tano kimya. Mwenye shida atapata pa kuingilia."

"Na mchezo?"

"Mchezo hauna kosa. Mwenye shida akiita, kete zinasimama, basi. Liko lingine, Baba. Redio hii haina pazia. Unafikiri unasema na shemeji yako, kumbe kila kituo kinakusikia. Mambo ya nyumba za watu hayasemwi humu."

Faustin akakumbuka nyayo za kuku. Jana Budeba alikuwa wapi? Alikuwa zahanati, bila shaka, karibu na redio, akingoja njia ifunguke ili mke wa mwanawe apone.

Maji yalipopungua, Faustin na Leokadia walishuka Usangu. Budeba aliwapokea uani kwake, akawapa viti na maziwa. Kumtukana mzazi mwenzako si jambo dogo. Faustin hakugusa maziwa.

"Mzazi mwenzangu, nimekuja kuomba radhi. Mdomo wangu ulikukosea, na kidole changu karibu kituulie watoto."

Budeba alikuwa mtu wa maneno machache.

"Nilisikia yote," alisema. "Jailos aliita mpaka sauti ikakauka, na wewe unacheka. Siku ile ningekuwa na mkono mrefu, ningekufikia huko huko milimani." Akasogeza kibuyu cha maziwa karibu na mgeni wake. "Lakini mimi ndiye niliyemshika Roza majini, na leo yuko hai. Kunywa. Sitaki hasira iingie na mtoto ndani ya nyumba."

Faustin akanywa. Hakusimulia kitu mpaka walipoondoka.

Tangu siku hiyo, Tekla alibandika karatasi juu ya redio, kwa herufi kubwa: SIKILIZA. SEMA KIFUPI. ACHIA. NGOJA. Vituo vyote sita vikakubaliana hivyo. Katika miezi mitatu, mara mbili kete zilisimama katikati ya mchezo, na mara mbili gari lilishuka mapema.

Jumamosi moja ya Juni, Faustin alikuwa mbele ya ubao, Leokadia kando yake. Alisikiliza kwanza. Njia ilikuwa kimya. Alikuwa ameshamwita Marcelino na kutoa zamu yake, kumi na moja kwenda kumi na tano. Akaachia, akaanza kuhesabu. Kabla hajafika tano, sauti nyingine ikaingia.

"Misheni, hapa zahanati ya bondeni. Hapa Roza. Baba, msikilize mjukuu wako."

Mtoto akalia redioni, kilio kikali cha mtoto aliyeshiba. Katika vituo vyote hakuna aliyebonyeza. Kidole cha Faustin kilimwasha, lakini alikiweka magotini. Kisha ikaja sauti nzito, ya polepole.

"Faustin, hapa Budeba. Naingia kisomo cha watu wazima tangu mwezi wa nne. Shemeji yako apumzike, leo zamu ni yangu. Ishirini na mbili kwenda kumi na nane. Ova."

Faustin aliutazama ubao. Hakubonyeza. Moja. Mbili. Tatu. Leokadia akanyoosha mkono, akamgusa paji la uso. Halikuwa na joto. Nne. Tano.

"Budeba, hapa Faustin. Kumi na tano kwenda ishirini na mbili. Nimekula. Ova."

Akaachia.

"Nimeona," sauti ilisema. "Ishirini na tano kwenda kumi na nane. Na kuku wangu amekula. Ova."