Neno Moja la Fusi

Jumapili ile, baada ya ibada, nyumba ya Lesieli pale Mangere, ughaibuni, ilinukia majani ya majimbi yaliyopikwa kwa tui na nyama ya kopo. Lesieli, mgonjwa wa kisukari tangu utotoni, alikuwa na mimba ya miezi sita. Figo alilopewa na dada yake Fusi lilikuwa na mwaka wa tatu, zima kabisa. Watu walikula, wakataniana.

Kisha Kalolaine, dada wa mume wa Lesieli, akajikalia kwenye mkeka wa heshima.

"Jina la mtoto ninalo tayari," akasema. "Shangazi ni mimi."

Wenzangu, mnajua mambo yetu Watonga wa visiwani. Shangazi ndiye mwenye mtoto. Ndugu wa mama hana lake. Fusi, ambaye hakujaliwa kuzaa, alijipapasa kovu la ubavuni, akawaza: Figo langu, mimba ya mdogo wangu, halafu jina atoe huyu!

Kalolaine akaviona mezani vidonge vya Lesieli vya kulilinda figo. "He! Wifi, dawa zote hizi na tumbo hilo? Utaniulia mtoto. Ziache mpaka ujifungue."

Mke hambishii wifi yake mbele za watu. Lesieli akamgeukia dada yake. "Dada, si tulikuwa wote kliniki? Hebu mwambie alivyosema daktari."

Fusi alikumbuka vizuri. Dawa zilibadilishwa kabla ya mimba ili zisimdhuru mtoto, na kuziacha ni kulipoteza figo. Lakini wivu, jamani!

"Mwenye mtoto keshasema," akajibu. "Mimi nani?"

Kwa kukosa wa kumtetea, Lesieli akaziacha dawa. Wiki ya tatu baadaye alivimba uso na miguu. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, kilo moja na robo, akapona. Figo halikupona. Lesieli akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu.

"Sikujua, wifi, naapa!" Kalolaine alilia wodini. "Na wewe Fusi, mbona hukunikanya?"

"Nilijua," Fusi akasema. "Nilikuonea wivu."

Lesieli akamgeukia. "Dada, figo ulinipa. Neno moja tu ndilo lililokushinda?"

FUNZO

Mjamzito aliyewekewa figo asiache dawa kwa maneno ya shangazi wala ya nani; amuulize daktari wake. Na wewe unayeujua ukweli, useme, hata kama roho inakuuma. Fusi sasa humpeleka mdogo wake kwenye mashine mara tatu kwa wiki, na figo lililobaki mwilini mwake ni moja tu.