Kabla ya Kuweka Vigae

Mashuka ya hospitali hayaishi. Yakitoka haya kwenye mashine, yanaingia yale. Mwanamke huyu aliyafua kwa mwaka wa kumi na moja sasa, katika nchi isiyo yake, na wenzake kazini walimzoea kwa jina la Dobi. Alisimama kwa muda wa saa tisa kila siku. Akirudi nyumbani, alivua viatu mlangoni na kukaa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta.

Kwao alikuwa na fleti moja, ghorofa ya tatu, katika jengo la fleti ishirini na nne. Mama yake aliishi humo peke yake, bila shida yoyote, mpaka siku alipoteleza na kuvunjika nyonga.

Nyonga ilipona. Tatizo likabaki bafuni. Bafu lilikuwa na hodhi la kuogea, na kingo za hodhi zilifika magotini. Mama hakuweza tena kuinua mguu kiasi hicho. Basi mara tatu kwa wiki wifi yake Dobi alikuja na beseni, akamkalisha mama mkwe wake kwenye kiti chumbani, akamwogesha.

"Mkwe wangu hana neno," Mama alisema kwenye simu. "Ana mikono myepesi. Lakini mwanangu, naogeshwa kama maiti, na bado natafuna."

Dobi alicheka. Simu ilipokatika, hakucheka tena.

Hodhi ilibidi liondolewe. Sakafu iwe sawa, yenye mteremko mdogo wa kupeleka maji kwenye tundu, na ukutani viwekwe vishikio. Kazi hiyo ilihitaji fundi. Likizo ya Dobi ilikuwa mwaka ujao. Fundi angetafutwa kwa simu.

Alimpata upesi. Katika kundi la simu la watu wa kwao waishio ugenini, mtu mmoja aliweka picha za mabafu yanayong'aa. Dobi alimwandikia fundi wa mabafu hayo, naye akajibu ndani ya dakika moja.

"Shikamoo mama. Kazi yako ni kazi yangu. Wewe lala usingizi."

Kila asubuhi aliamkia. Kila swali alijibu "hakuna shida". Mume wa Dobi, dereva wa lori la mizigo, alimpa jina la Fundi Shikamoo.

"Huyu anakuamkia kuliko watoto wako," alisema.

"Angalau ana adabu."

"Na kazi yake umeiona?"

"Si picha hizi hapa?"

Mume aliangalia picha, akainua mabega. Yeye pia alikuwa amechoka.

Kosa lilianzia hapo. Dobi hakuchagua fundi. Alichagua mtu asiyemsumbua. Baada ya saa tisa za mashuka, mtu wa kukubali kila kitu alikuwa kama kiti cha kukalia.

Picha zilikuja. Hodhi limetoka. Vigae vyeupe vimepangwa. Bomba jipya, kioo kipya, na Fundi Shikamoo mwenyewe kasimama pembeni, dole gumba juu. Dobi alimaliza malipo siku ileile. Mama alioga mwenyewe mara nne, akajisifu kwa kila aliyempigia.

Wiki ya pili, simu ya Dobi iliita kutoka namba asiyoijua. Alikuwa kwenye chumba cha mapumziko, chai yake bado ya moto.

"Wewe ndiye mwenye fleti ya juu yangu?" Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, na haikuwa na salamu. "Nina ndoo tatu sebuleni. Nakuuliza, hii mvua ya ndani umeniletea wewe?"

"Samahani mama, sijaelewa."

"Bafu lako jipya linavuja kwenye dari yangu. Kamati ya jengo imefunga maji ya fleti yako. Na wanauliza kibali cha kubomoa kiko wapi, maana hawakukitoa."

Dobi hakuwa na habari ya kibali. Alimpigia Fundi Shikamoo. Aliyekuwa akijibu kwa dakika moja hakujibu siku hiyo, wala wiki hiyo, wala wiki tatu zilizofuata. Wifi akarudi na beseni.

"Nilijua," Mama alisema, kisha akauliza habari za watoto. Swali hilo lilimuuma Dobi kuliko lawama.

Jirani wa chini alipiga tena Jumamosi, safari hii kwa simu ya video, ili Dobi ajionee dari. Mwanamke huyu aliwahi kutunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi kwa miaka ishirini na sita. Jengo zima lilimwita Mama Stoo. Alikuwa amepanda mpaka kwa mama yake Dobi, na mkononi alishika kijiko.

"Sikiliza," alisema. Aligonga kigae kimoja. Kikalia to, to. Akagonga cha pili. Kikalia kama debe tupu. "Hiki chini yake ni hewa. Sasa tazama."

Alichokoa kigae kwa bisibisi. Kilitoka bila ubishi, kama kifuniko cha sufuria.

"Unaona nini?"

"Saruji," Dobi alisema.

"Basi?"

"Basi."

"Hapo ndipo pana ugonjwa. Maji hayazuiwi na vigae, mwanangu. Yanapenya kwenye maungio. Yanazuiwa na dawa inayopakwa chini ya vigae, sakafu nzima, na kupanda ukutani. Inapakwa, inakauka, inapakwa tena. Huyu wako hakupaka hata tone. Pale stoo niliwajua wa aina hii kwa wanavyonunua. Vigae makatoni kumi, dawa sifuri."

"Lakini alinitumia picha kila siku!"

"Za nini?"

Dobi alifikiri. "Za vigae."

"Picha ya kigae inaonyesha kigae. Ulitakiwa kudai picha ya kile kitakachofunikwa, kabla hakijafunikwa."

Dobi alipangusa uso kwa kitambaa cha kazini. "Mama, nimechoka. Nitajie fundi mmoja tu mzuri, nimpe kazi, tumalize."

"Sikutajii mmoja. Nakutajia watatu. Wala usiniamini mimi, mimi nina dari ninayoitetea. Waulize wenyewe. Mwambie kila mmoja akupe wateja aliowafanyia bafu miaka mitatu iliyopita. Si mwezi uliopita. Bafu la mwezi mmoja hata la yule mjinga lilipendeza."

"Nikiwapata wateja, niwaulize nini?"

"Uliza kama kuna kitu kiliharibika, na kama alirudi walipomwita. Kisha mtume mtu wako akaone kwa macho. Na mtu huyo asiwe ametafutwa na fundi."

Dobi aliandika yote nyuma ya karatasi ya zamu.

Fundi wa kwanza alituma picha arobaini bila namba hata moja ya mteja. Wa pili alitoa namba mbili, zote za kazi za mwezi uliopita. Wa tatu alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha akaandika: "Nilikuwa kazini. Wateja hawa wawili, miaka mitatu na minne. Bei sisemi mpaka nipime. Kibali cha jengo unacho?"

Hakuamkia.

"Huyu ana kiburi," Dobi alimwambia mumewe.

"Labda. Lakini ameuliza kibali."

Dobi alimpigia mteja wa kwanza, mwalimu mstaafu.

"Fundi yule ana mdomo mbaya," mwalimu alisema. "Tena mlango wangu aliuweka vibaya, ukawa unakwaruza sakafu. Nikampigia. Akaja kesho yake, akaung'oa, akauweka upya, wala hakunidai."

"Na bafu?"

"Bafu? Nimelisahau. Halijanipa sababu ya kulikumbuka."

Wifi alikwenda kuona mabafu yote mawili, akagonga vigae kwa kijiko. Hakuna kilicholia debe tupu.

Hivyo ndivyo fundi wa tatu alivyopata kazi. Mama alimpachika jina la Ngoja Nipime, kwa sababu hakuna swali alilolijibu bila kutanguliza maneno hayo.

Safari hii kila kitu kiliandikwa kwenye karatasi mbili: kazi gani, vifaa gani, wiki ngapi, na nani angekagua. Dobi angelipa kwa hatua. Hatua ikikamilika na kukaguliwa, ndipo malipo yake yatoke. Mkaguzi alikuwa Mama Stoo. Wifi alipeleka nakala kwa kamati ya jengo, akarudi na kibali chenye muhuri, na maji yakafunguliwa. Ngoja Nipime alikibandika mlangoni kabla ya kushika nyundo.

Vigae vya zamani viliondolewa, sakafu ikapewa mteremko. Dawa ikapakwa mara mbili, rangi yake kijivu. Dobi alipokea picha za sakafu mbaya ya kijivu, akazitazama kwa makini kuliko alivyowahi kutazama picha za harusi.

Kisha kazi ikasimama.

"Mbona haweki vigae?" Mama alilalamika. "Mwezi wa sita huu naogeshwa kwa beseni! Mwambie aweke."

Dobi alimpigia fundi wakati wa chai. "Fundi, dawa imekauka?"

"Imekauka, dada."

"Basi tuwekee vigae. Mama anateseka."

"Bado. Naziba tundu, najaza maji sakafuni, yanakaa siku nzima na usiku. Nimechora mstari wa penseli ukutani, usawa wa maji. Kesho tunaangalia mstari."

"Si dawa umepaka mara mbili? Nimeona picha."

"Picha haivuji."

"Fundi, nakuomba. Siku moja tu tuokoe."

"Ukitaka vigae leo, tafuta mtu mwingine. Mimi jina langu siwezi kulizika chini ya vigae vyako."

Dobi alikata simu kwa hasira. Alimkumbuka Fundi Shikamoo, ambaye hangethubutu kumjibu hivyo. Wazo hilo lilimsimamisha. Kweli, asingethubutu. Angesema hakuna shida.

Kesho yake Mama Stoo alipiga. "Mstari uko juu, maji yako chini. Yamepungua upana wa kidole."

"Si yamekauka tu kwa hewa?"

"Kidole kizima? Na darini kwangu, chini ya tundu lako, pana alama mbichi kama sahani. Yanapita kwenye shingo ya tundu, pale bomba linapokutana na sakafu."

Dobi alikaa. Kama fundi angemsikiliza jana, uvujaji huo sasa ungekuwa chini ya vigae, na wifi angerudi na beseni kwa mara ya tatu.

Ngoja Nipime alikuja kwenye simu. "Kosa langu," alisema, kwa sauti ileile ya kupima. "Pale sikukaza vizuri. Nafungua, nafanya upya. Siku tatu. Hulipi zaidi."

"Sawa, fundi." Kisha akaongeza, "Fanya polepole."

Mama ndiye aliyekuwa na kazi ya kuelezwa.

"Siku tatu tena?" aliuliza.

"Siku tatu, mama."

"Basi mwambie mkwe alete maji ya moto zaidi. Juzi aliniogesha kama anayeosha kuku."

Maji yalijazwa mara ya pili. Kesho yake Mama Stoo alituma picha moja: mstari wa penseli, na maji yamelala juu yake palepale. Chini aliandika neno moja, "Limekubali." Ndipo vigae vikawekwa, vya sura ya kukwaruza ili mguu usiteleze. Vishikio viwili vikafungwa kwenye ukuta wa zege, na Ngoja Nipime akaning'inia kwenye kila kimoja kwa uzito wake wote kabla ya kusema kazi imekwisha. Dobi akalipa hatua ya mwisho.

Jumapili iliyofuata, Dobi alitoka zamu ya asubuhi, akavua viatu mlangoni, akampigia mama yake. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kimya. Akapiga mara ya tatu, bado amesimama mlangoni. Aliiona sakafu. Aliiona nyonga. Akampigia Mama Stoo.

"Mama, samahani. Mama yangu hashiki simu. Nenda ukamwangalie, tafadhali."

"Nikamwangalie wapi? Yuko bafuni."

"Nani yuko naye?"

"Wa nini? Wifi yako yuko hapa kwangu, anakunywa chai. Amefukuzwa. Maji yanashuka kwenye bomba la ukutani kwangu nusu saa sasa."

Dobi alivuta pumzi. "Na dari?"

"Kavu. Na sasa niache, nina mgeni."

Dobi alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta. Miguu ilimuuma kama kila siku, na kesho mashuka yangekuwepo. Simu iliita baada ya robo saa.

"Ulikuwa unapigapiga nini?" Mama alifoka. "Mtu haogi kwa amani?"

"Nilitaka tu kukusalimia, mama."

"Nisalimie baadaye. Bado sijajipaka mafuta."

Akakata.