Jina Alilolitoa Liberatus

Asubuhi moja, jua limewaka vizuri juu ya michai ya Mufindi, simu ilianza kupumua.

Evarista, msichana wa simu wa shamba la chai, alikuwa amemuunganisha Saulo wa kiwandani na kaka yake aliyeko Mbeya. Kabla hajajitoa kwenye waya, akasikia mtu wa tatu anavuta pumzi, taratibu, na swichibodi, ubao wake wa kuunganishia simu, ikanuka nywele zilizoungua.

"Nani huyo?" akanong'ona.

Pumzi ikaendelea kuvutwa.

Wiki ile Saulo akafukuzwa kazi. Alichomwambia kaka yake, kwamba meneja anauza mbolea ya shamba, kilimfikia meneja neno kwa neno. Wakafuata wengine, kila mmoja kwa maneno aliyoyasema simuni. Basi watu wakamgeukia nani? Evarista! Bombani wanawake walimtemea mate. "Mdaku mkubwa, umemponza Saulo!" Mtu hajafungua mdomo, keshahukumiwa. Inauma, jamani.

Tena sauti ikaanza kumkauka. Kila pumzi ile iliposikika, sauti yake ilipungua, na msichana wa simu asiye na sauti atakula nini?

Shangazi yake, Damari, akamleta Nkuba, mganga wa Kisukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake. Jumapili, ofisi tupu, Nkuba akapeleka mkono nyuma ya swichibodi, akatoa hirizi nyeusi. Akaigeuza mkononi, akaitambua.

"Dada, hii nimeifunga mimi. Alikuja bwana mfupi, ana jino la dhahabu. Anataka kusikiliza simu za watu asijulikane. Nikampa jini la kumfunika. Malipo ya jini hilo ni sauti ya mtu aliyetajiwa jina. Nikamuuliza, unaitwa nani?"

"Akasemaje?" Evarista akauliza.

"Evarista Kalinga."

Jino la dhahabu! Liberatus, karani mkuu, aliyekuwa akimwita "mwanangu" na kupiga naye magoti kanisani! Kumbe ndiye aliyempelekea meneja maneno ya watu. Amelidanganya jini jina kama watu wanavyomdanganya mgambo njiani, na jina aliloona halina thamani ni la binti wa watu.

"Mshenzi!" Evarista alisema, kwa sauti iliyobaki kama kikohozi.

"Jini halijui sura, linajua jina," Nkuba akanong'ona. "Litajie la kweli, la huyo bwana na la baba yake. Ila hatapona."

Evarista hakungoja kuambiwa mara ya pili. Akavaa visikilizio, na ile pumzi ikamjia sikioni, ya moto, ikisogea, ikinuka kuungua, ikimwita kwa sauti ya marehemu mama yake, kisha ya Saulo, kisha ya kwake mwenyewe, mpaka machozi yakamtoka kwa hofu, na kwa hasira iliyoizidi hofu akasema, "Liberatus Kasian. Mfuate yeye!"

Jumatatu sauti ya Evarista ilikuwa imerudi nzima. Liberatus alikaa mezani kwake, anafungua mdomo, hakitoki kitu.

Mchana taa ikawaka kwenye laini isiyoenda kokote. Evarista akapokea.

"Mwanangu Evarista, huku ni giza. Limenishika. Niunganishe na mke wangu, nakuomba!"

Akageuka. Liberatus alikuwa pale pale mezani, midomo imefumba, anamtazama, machozi yanamtiririka.

"Subiri hapo hapo, mzee," Evarista alisema, kisha akachomoa waya, akaenda kunywa chai.