Friji Isiyokula Umeme

Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo, wakati Léocadie alipotoka mbio kumwita Mirindi, fundi umeme aliyekimbia vita Uvira na kupanga chumba jirani naye, mtaa wa Mutanga Sud. Saa ya kuvufe, ya kutotoka nje usiku, ilikaribia, na ikishafika, askari hawaulizi mtu anatafuta nini njiani. Lakini angefanyaje? Insulini ya mumewe, Anselme, ilikuwa kwenye ndoo ya maji, na maji yenyewe yalishakuwa vuguvugu. Nyingine haikupatikana mjini. Embago, vikwazo vya nchi jirani, ilikuwa imefunga kila njia.

Friji aliinunua asubuhi kwa Hyacinthe, mmoja wa vijana waliobeba vitu kutoka nyumba ambazo wenyewe waliuawa. Kila mtu alijua. Kila mtu alinunua. Na Léocadie, mama wa kwaya, alisugua doa jeusi mlangoni mwa friji kwa sabuni, akajiambia ni kutu.

Mirindi aliingia na bisibisi yake, akasimama ghafla.

"Mama, si courant ya umeme ilikatika tangu jana?"

"Ndiyo. Weka prise tu kwa waya, courant ikirudi ikute iko tayari."

"Sasa... ni nini inalia?"

Mmmmm...

Friji ilikuwa inanguruma. Waya wake uliokatwa ulilala sakafuni. Léocadie akafungua mlango, baridi ikampiga usoni pamoja na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Aliogopa, ndiyo. Lakini alifurahi zaidi ya alivyoogopa, akaitoa dawa kwenye ndoo na kuiweka ndani.

Mirindi aliigeuza friji, akainama nyuma yake. Aliponyanyuka, jasho lilikuwa linamtiririka.

"Moteur haiko, ile mashine ya kuleta baridi," akanong'ona. "Walishaitoa. Pasi, redio, friji, zote ni aparei za umeme, zinakula courant. Hii haikule courant."

"Inakula nini?"

Mirindi akarudi nyuma hatua moja. "Kwa ile nyumba ilitoka... walimaliza matanga?"

Vitu vya marehemu havigawanywi kabla ya siku ya kuganduka, ndugu wanapokaa pamoja kuumaliza msiba. Hilo Léocadie alilijua tangu utotoni. Na katika nyumba ile hakubaki ndugu hata mmoja wa kukaa.

"Toa hii kitu, mama. Toa sasa." Mirindi akaenda zake, bisibisi akaisahau.

Chumbani Anselme akaita.

"Léo... niletee blanketi."

Blanketi! Katika joto lile la kuvua shati! Akamshika mkono.

Baridi.

Kila friji iliponguruma, midomo ya Anselme ilizidi kuwa ya kijivu. Léocadie akachomoa dawa, akaikokota friji hadi barabarani, akiitukana, akimtukana Hyacinthe, akijitukana mwenyewe kuliko wote. Hakujali tena kuvufe wala askari.

Nje, mlio ukakatika.

Akarudi ndani mbio na dawa mkononi, akilia na kucheka. "Nimeitoa, Anselme. Imekwisha."

Anselme alikuwa ametulia, macho wazi, blanketi hadi kidevuni. Hakujibu. Léocadie akamlalia kifuani, akatega sikio asikie kama moyo bado unapiga.

Mmmmm...