Mshale wa Chaki Ukutani

Nilirudi kutoka kung'olewa jino nikakuta ukuta wa sebule yangu una tundu la kupitisha ng'ombe.

Na katikati ya tundu, mikono kiunoni, shemeji yangu.

Wanangu wa humu, jino lenyewe lilivutwa na madaktari watatu, wa nne akinishika miguu. Lakini nawaapia, lile tundu liliniuma zaidi.

"Nani kavunja ukuta wangu?"

"Mkeo karuhusu," shemeji akajibu. "Tunaweka milango ya Kifaransa."

Mke wangu akageukia jikoni, kama hanijui. Miaka thelathini na tisa ya ndoa...

Milango ya Kifaransa ni ile ya vioo, miwili pamoja, inakutana katikati kama ya kabati. Mizuri, sikatai. Tatizo ni shemeji. Huyu mdogo wa kike wa mke wangu alikuja kututembelea wiki moja. Huo ulikuwa mwezi wa nne. Sauti yake, ukianika shati karibu, linakauka bila jua.

Tatizo la pili, kiti changu. Tangu nistaafu nakaa pale pale, mbele ya ukuta ule.

"Ifungukie wapi?" akauliza fundi aliyeletwa kuiweka, nyundo ingali mkononi.

"Ndani," shemeji akasema.

"Itagonga kiti changu."

"Kiti kitatoka."

"Na mimi?"

"Shemeji, wewe na hicho kiti mmeshaota mizizi. Mtatoka wote."

Mmesikia wenyewe. Nyumba niliyoijenga mimi! Nikauona mpango mzima: leo kiti, kesho kitanda, keshokutwa mzee anakabidhiwa begi.

"Ifungukie nje," nikasema.

"Tema pamba kwanza ndipo uongee na watu wazima."

Fundi akatuinulia mkono. "Wakubwa zangu, nimeharibu kazi nyingi kwa kufuata midomo. Siku hizi nafuata chaki. Choreni mshale ukutani, nipige picha, nikatengeneze fremu. Basi."

Shemeji akachora mshale unaoangalia ndani. Mnene, wa kiburi. Fundi akatoka kuchukua futi kwenye baiskeli, naye akamfuata huko huko, kumfundisha futi inavyoshikwa.

Nikabaki mimi na mshale.

Nikatoa leso, nikaitemea mate, nikafuta. Nikachora mwingine unaoangalia nje.

Fundi akarudi, akapima, akapiga picha, akaenda zake.

Tundu likafunikwa turubai pamoja na mshale, na mimi nikalala usingizi wa mtoto siku kumi na mbili. Walikuja watu wakamwaga saruji kule nyuma, wakatengeneza kibaraza chembamba kati ya tundu na ukuta wa jirani. Sikuuliza. Ni pa kuwekea vyungu vya maua vya shemeji, nikajiambia.

Milango ikaja, ikafungwa. Nikasukuma mmoja... ukaenda nje, taratibu, kama unaniamkia. Nikarudi kitini kwangu, nikakunja nne.

Shemeji akaingia amekumbatia kiti kipya cha kuegemea, cha mbao, kina mto mnene. Akakitoa hadi kibarazani. Mlango ukakigonga. Akakisogeza kushoto, ukakigonga. Kulia, ukakigonga ule mwingine.

"Fundi," akasema polepole, "si nilisema ndani?"

"Chaki ilisema nje, mama." Akatoa simu.

Tukainama wote. Mshale kweli unaangalia nje. Na pembeni yake, ukutani, mkokoto wa damu wenye upana wa leso...

"Siku ile," shemeji akauliza, "nani alikuwa anatoka damu mdomoni?"

Fundi akaanza kukagua dari.

Mke wangu ndiye aliyejibu. "Kiti ni chako, baba. Goti lako halishuki zile ngazi za jikoni, mwaka mzima hujaota jua. Mdogo wangu ndiye aliyebuni hili. Kazi hii ndiyo iliyomweka hapa."

"Sasa kwa nini hamkuniambia?"

"Uliuliza saa ngapi?" shemeji akadakia. "Ulikuwa na kazi ya kutununia."

Fundi akasema fremu ile haigeuzwi, ni kuanza upya. Shemeji akasema kwa mzee huyu hakuanzwi kitu upya.

Kwa hiyo wanangu, kabla hujagombania mlango unafungukia wapi, uliza kwanza unafunguliwa kwa ajili ya nani.

Mimi niko ndani, kwenye kiti changu nilichokipigania. Shemeji hupitia mlango wa jikoni kila asubuhi, anakwenda kukaa juani kwenye kile kiti kipya. Na akishakaa pale, milango haifunguki.

Jana aligonga kioo kwa kidole kimoja, akanipungia mkono.

Huu ni mwezi wa sita.