Safari ya Wivine Kwenda Barumbu

Kila asubuhi Wivine alifagia ua, akachemsha chai ya mjomba wake, tonton Timothée, kisha akatembea hadi shuleni, katikati ya mtaa wa Makiso. Tangu mama yake apelekwe hospitali, kila alipouliza habari zake alipewa jibu lile lile: "Mama iko Barumbu, kwa bibi. Anapumzika."

Jumatatu moja mwalimu Hilaire aliwasimulia habari za kuzimu ya Wagiriki wa kale. Huko, alisema, wafu walivushwa mto kwa mtumbwi. Shujaa mmoja kijana alikatiza nchi nzima ya wafu ili amrudishe mtu wake. Alionywa asile chochote, kwani aliyekula chakula cha kuzimu hakurudi.

Wakati wa mapumziko Eddy, mwanafunzi mwenzake, alimtania. "Alors, Wivine, wewe utaenda lini kumchukua mama yako?"

"Mama yangu iko Barumbu!"

Eddy alisubiri wenzake wacheke. Hakuna aliyecheka. Kimya hicho ndicho kilichomtia Wivine hofu.

Jioni alimwendea mjomba wake. "Tonton, mama iko wapi kabisa?"

Tonton aligeuza uso. "Nilikuambia. Anapumzika. Kalale."

Kesho yake Wivine hakwenda shule. Alitia kwanga mbili, ile mikate ya muhogo inayofungwa kwa majani, ndani ya mfuko wake, akashuka bandarini, penye mashua za kwenda Barumbu. Kama Barumbu ni mahali ambapo watu hawarudi, yeye angekula chakula chake mwenyewe.

Mvua ilinyesha na mto ulikuwa na rangi ya majivu. Papa Ignace, mwenye mashua ya injini, alimtambua, akavua kofia.

"Pole, mwanangu. Unakwenda kuona kaburi? Mimi ndiye niliyempeleka mama yako. Tulilifunika jeneza vizuri, halikulowa."

Wivine hakulia. Aliketi juu ya gunia la chumvi na kuukumbatia mfuko wake. Papa Ignace alipomtazama usoni, alielewa kwamba mtoto hakujua. Haraka akamtuma mtu kumwita tonton.

Tonton Timothée alifika mbio, amelowa. "Bon," alisema. Akapanda mashuani, akaketi kando yake.

Barumbu, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Hapakuwa na mlango wa kubisha. Wivine alimwita mama hata hivyo, mara moja, kwa sauti ndogo.

Bibi aliwaandalia samaki na wali. Wivine hakugusa sahani. "Nikila, nitarudi kweli?"

"Utarudi pamoja nami," tonton alisema. "Nilifikiri uongo utakukinga. Kumbe ulikuacha umtafute mama peke yako, na sisi wote tulijua. Mtoto naye ana haki ya kulia pamoja na watu wake. Kuanzia leo ukiniuliza, nitakuambia ukweli, hata ukiwa mchungu."

Wivine alifikiri. "Kule hospitali, mama aliniita?"

Tonton alimtazama usoni. "Hapana. Hakuweza tena kusema."

Hapo ndipo Wivine alipolia, na bibi akalia pamoja naye. Alipomaliza, alinawa mikono, akavuta sahani.