Kikombe cha Aliye Hai

Kikombe kilikuwa kikavu.

Si kikavu kama kikombe kilichonywewa, chenye tone chini na harufu ukingoni. Kilikuwa kikavu na vumbi limetanda ndani yake, kana kwamba hakijawahi kushika kitu. Nacho kilikuwa kimejazwa pombe ya mchele muda mfupi tu uliopita, hapo hapo chini ya mnara mpya, mbele ya kichwa cha nguruwe na keki za mchele. Vikombe vingine vyote kando yake vilikuwa bado vimejaa pomoni.

"Sasa hiki kimenywewa na nani?" fundi mkuu Kwak aliuliza, akikipindua. "Mimi nina kiu, jamani, lakini sijafikia kulamba vikombe vya wafu."

Watu wakacheka. Injinia Ok Se-rin hakucheka. Kikombe kile kilikuwa kimemiminwa kwa jina la baba yake.

Siku hiyo kiwanda cha meli kilikuwa kinazindua kituo kikuu cha redio, na Se-rin ndiye aliyekisimika: mnara juu ya kilima, chumba cha mitambo chini yake, na nyaya alizozishusha kwa mikono yake hadi ndani ya matumbo ya meli, ili mwendesha kreni, mchomeleaji na mpiga rangi, kila mmoja asikike akibonyeza redio yake ya mkononi. Zamani kila genge lilikuwa na masafa yake na kelele zake. Sasa sauti zote zingepita mahali pamoja, mezani pa Se-rin.

Na kule Geoje, kisiwa cha Korea, mtambo mpya hauwashwi kabla wafu hawajanyweshwa. Kwak alikuwa amewaita mmoja mmoja mafundi waliowahi kufia kiwandani, kila jina na kikombe chake. Kisha akamgeukia Se-rin kwa upole.

"Injinia, na marehemu mzee wako naye aje auone mnara wa binti yake. Aliitwa nani?"

Angeweza kusema, usijisumbue. Angeweza kujikohoza tu. Lakini uongo una njaa. Ukiulisha leo, kesho unarudi na bakuli. Kwenye karamu ya kumkaribisha kazini walimuuliza baba yake anafanya kazi gani, naye akajibu, "Ameshafariki." Ilikuwa rahisi kuliko ukweli.

"Ok Pan-su," alisema.

Kwak akamimina. Na nyuma kabisa ya umati, katikati ya vibarua wenye helmeti za kijani, wale wanaotambaa ndani ya matangi ya meli kukwangua kutu, mzee mmoja mfupi mwenye mgongo uliopinda alisikia jina lake likiitwa pamoja na wafu. Akavua helmeti. Akainamisha kichwa, kama wenzake.

Hakuna aliyemtazama. Kisiwani kule akina Ok ni wengi kama kokoto, na genge lake lilimjua kwa "Mzee Ok" tu.

Jioni Se-rin alimpigia simu, akaanza kulia.

"Usilie, mwanangu," Pan-su alimwambia. "Nimemiminiwa nikiwa bado nina koo la kunywea. Wangapi wanapata bahati hiyo?" Akacheka, akakohoa kile kikohozi chake cha vumbi la kutu. "Ila ukinikuta njiani, usinisalimie. Mimi nitakuwa natazama meli."

Asubuhi ya kwanza ya kazi, Se-rin aliita magenge, yakajibu, moja baada ya jingine, safi kama kengele. Alipomaliza, kipaza sauti kikavuma. Chumba kikajaa harufu ya kutu iliyolowa, na rangi mbichi, na maji ya bahari yaliyolala gizani mpaka yakaoza.

"Binti," sauti ikasema. "Nimekuja. Asante kwa kinywaji."

Ilikuwa sauti ya baba ambaye Se-rin alitamani angekuwa naye: nzito, tulivu, yenye lafudhi ya Seoul, sauti ya mtu aliyezeeka ofisini. Akazima mtambo. Sauti ikamalizia sentensi yake.

Kila siku ilirudi, na kila siku ilikuwa imejifunza kitu. Kwanza ilichukua lafudhi ya kisiwa. Kisha ikachukua kile kicheko kifupi. Kisha, Se-rin akiwa ameshika maikrofoni, ilichukua kikohozi. Na kadiri ilivyochukua, Pan-su alipungukiwa. Kwenye simu alibaki pumzi tupu na maneno machache yaliyofifia. Alimwambia kwamba kantini wanagawa wali wanampita, na kwamba wenzake wanatundika makoti yao juu ya bega lake kama juu ya msumari, kisha wanashtuka.

"Nimechoka tu," alinong'ona. "Wewe fanya kazi."

Se-rin akaenda kwa mganga. Bi Cheon alikuwa kibarazani kwake anakata figili, glavu nyekundu za mpira mpaka viwikoni. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Umemnywesha aliye hai kikombe cha wafu? Wee mtoto! Mimi nakula na mizimu miaka yote, na hilo sijaliona."

"Nifanye nini, Mama?"

"Jina likiitwa upande ule, lazima mmoja aje kulijibu. Pepo mmoja mzururaji, hana jina, hana wa kumkumbuka, kaja kalivaa. Jina analo. Sauti anayo. Sasa anasubiri mwenyewe aondoke, nafasi ibaki yake." Akasukuma figili kando. "Ngoma zangu hazitamtoa. Mimi sikumwita. Simama mbele ya masikio yale yale, useme huyu ni baba yangu, yu hai, na kazi yake ni hii."

"Hakuna njia nyingine?"

"Unauliza kama vile nimekwambia ukate mkono."

"Mkono ningekata," Se-rin alisema.

Bi Cheon akamtazama sana, kisha akarudia figili zake. Se-rin aliinamisha uso uliowaka moto. Nitasema kesho, alijiambia njiani. Kesho ikaja, akasema kesho.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa umemeza kreni, na tangi moja la meli lilikuwa linangoja kujazwa maji kwa majaribio. Kwak, akiwa sitahani, aliita hewani majina ya waliokuwa ndani, mmoja mmoja, kila mmoja athibitishe ametoka.

"Mzee Ok?"

"Nimetoka, fundi mkuu. Niko huku nje, naota jua."

Hapakuwa na jua. Se-rin alitazama dirishani, ukungu mweupe umegandamana na kioo, na harufu ile ikapanda kutoka sakafuni, kutu, rangi, maji yaliyooza, na kupitia kipaza sauti akasikia kifuniko cha chuma kikishushwa na nati zikikazwa moja baada ya nyingine, na pampu zikianza kuguna, na maji yakianza kukimbia ndani ya bomba kuelekea mahali ambapo, alijua kwa mifupa yake yote, baba yake alikuwa amepiga magoti na tochi mdomoni akikwangua kona ambayo mtu mwingine asingejali kuikwangua. Akabonyeza kitufe chekundu, kile kinachofungua redio zote kwa pamoja.

"Zimeni pampu! Fungueni tangi, kuna mtu ndani!"

"Injinia, tulia," Kwak alijibu. "Wote wametoka. Mzee Ok huyu hapa hewani. Mzee, uko wapi?"

"Nje, nje." Kicheko kifupi. Kikohozi.

"Umemsikia? Wakaguzi wako hapa wananikodolea macho. Wewe unajuaje kama siye?"

Maji yalisikika. Redio za kiwanda kizima zilikuwa wazi.

"Baba," Se-rin alisema, na neno likamtoka kama mwiba. "Baba, uko wapi?"

Zikajibu sauti mbili.

"Niko hapa, binti yangu," ya kwanza ilisema, changamfu, yenye kila kitu cha Pan-su ndani yake. "Waambie waendelee na kazi."

Ya pili ilikuja kwa mbali, imekatikakatika, ikigonga chuma.

"Injinia, umekosea mtu. Mimi sina mtoto." Ikahema. "Ila, samahani kwa usumbufu, huku maji yameingia."

Se-rin akapiga yowe.

"Huyo anayenikana! Huyo ndiye baba yangu! Ni Ok Pan-su, anakwangua matangi, hajafa, nilidanganya, nilimwonea haya! Fungua, Kwak, fungua!"

Sauti changamfu ilianza kucheka, ikaishia katikati, kama mtu aliyefunikwa mdomo. Pampu zikanyamaza.

Alipofika chini melini, walikuwa wamemtoa. Pan-su alisimama sitahani, amelowa mpaka kifuani, mdogo kuliko alivyomkumbuka, na watu wote walikuwa wanamwona. Kwak, aliyemmiminia kikombe kwa mkono wake, alimtazama Se-rin mara moja kisha akageuza uso, na kugeuka kule kuliuma kuliko tusi.

Se-rin akapiga magoti kwenye chuma kilicholowa, akainama mpaka paji la uso likagusa chini. Kwao aliye hai huinamiwa mara moja tu. Anayeinamiwa mara mbili ni maiti. Akainuka. Na shingo yake ikaanza kushuka tena.

Hakuwa yeye aliyeishusha. Kitu baridi, chenye harufu ya kutu iliyolowa, kilikuwa kimemlalia kisogoni, kikimkandamiza kwa subira, na katika mikono ya watu wote redio zilivuma kwa pamoja, taratibu, kama zinavuta pumzi.

Kiganja cha baba yake, kigumu kama msasa, kikamdaka paji la uso kabla halijafika chini. Kilitetemeka kwa uzito, lakini hakikuachia.

"Inatosha," Pan-su alinong'ona, akiangaza huku na huku kama mwizi. "Watu wanatuona, Injinia."